Mkanda Unaopumzika Ziwani

Duka nimelifunga. Ufunguo nimemrudishia mwenye nyumba, na nasikia siku hizi pale wanauza vocha na chipsi. Ninyi wadogo zangu mnaopiga mikanda ya harusi hapa Mbinga mmeniomba mara nyingi niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, mkishamaliza kunicheka kila ninapotaja CD. Haya, naandika. Sitawaeleza nilipata nini wala nilijenga nini. Nitawaeleza jinsi CD zinavyoganda, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kuliko hata kupiga picha, na kwa sababu kuna CD moja ambayo ilinifuata mpaka baada ya kufunga duka.

Nilitoka Mpepai, kwenye kahawa ya baba yangu, nikiwa msichana aliyemaliza shule na asiyejua aelekee wapi. Siku hiyo nilitumwa mjini kununua betri za redio. Duka lenye betri nzuri lilikuwa la Mzee Shomari, karibu na stendi, mtu ambaye wazazi wake walitoka Kilwa na biashara ya nguo, yeye nguo zikamshinda akaingia kwenye redio. Nilimkuta ametoa mfuniko wa deki, ameinamisha sikio juu yake kama mkunga anayesikiliza mtoto tumboni.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Inasema nini?"

"Marahaba," akajibu bila kuinua kichwa. "Inasema haioni."

Wiki iliyofuata nilikuwa nafanya kazi pale. Hata leo sijui ni nani kati yetu aliyemwomba mwenzake. Siku ya kwanza hakuniruhusu kushika kitu. Aliniwekea kiti mbele ya deki iliyo wazi, akatia CD, akaniambia, "Bi Tekla, leo kazi yako ni kusikiliza. Mikono utakuja nayo kesho." Nilikaa pale mchana kutwa. Deki nzima huvuma kidogo, kisha inatulia na picha inakuja. Deki inayoumwa utalisikia jicho lake, ile lenzi inayosoma CD, likienda mbele, likirudi, likienda tena, kama mtu aliyeangusha sindano anaipapasa sakafuni. Nilirudi nyumbani na sauti ile masikioni, mama akadhani nimeanza malaria.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Bisibisi ndogo, spiriti, pamba ya kusafishia masikio, kitambaa laini cha miwani, taa ya mezani, na kompyuta moja ya kuchomea CD ambayo Mzee Shomari aliifunika kitambaa cheupe kila jioni. Alinifundisha kuchoma polepole. Kompyuta itakuambia inaweza kuchoma kwa kasi kubwa, na kweli inaweza, lakini CD iliyochomwa kwa haraka inaandikwa kwa mwandiko mbaya, na deki yenye jicho dhaifu haitausoma. Mteja akikusimamia kichwani kwamba basi la Kitai linaondoka, liache liondoke.

Alinifundisha pia swali la kwanza la kumuuliza mteja. Usimuulize CD ina nini, muulize inaganda wapi. Ikiganda palepale kila mara, tatizo liko kwenye CD yenyewe au kwenye uchomaji wako. Ikiganda popote inapotaka, leo kanisani, kesho kwenye zawadi, tazama deki, halafu tazama umeme, hasa kwa wanaotumia sola na betri iliyochoka. Sehemu kubwa ya kazi yangu yote ilikuwa swali hilo moja. Mengine yaliyobaki yalikuwa kuwavumilia watu.

Maana watu wana mambo. Maharusi walipenda CD ibandikwe karatasi yenye picha yao. Karatasi ile deki ikipata moto inajikunja, CD inazunguka ikiyumba, na bwana harusi anaonekana anamvisha bibi harusi pete mara tatu. Akina mama walifuta CD kwa khanga, kwa kuzungusha, kama wanavyofuta sahani, wakati CD hufutwa kwa kwenda moja kwa moja, kutoka katikati kwenda ukingoni. Bwana mmoja wa Kitai aliisugua ya kwake kwa dawa ya meno, akaniletea inanukia vizuri sana. Na kuna mama wa hukohuko kwetu Mpepai aliyeiweka CD ya komunyo ya kwanza ya mwanawe juu ya jiko, kwenye moshi, pamoja na mahindi ya mbegu. Nilipomuuliza kwa nini, alinishangaa. Kitu unachotaka kidumu unakiweka wapi kama si pale? Mahindi yake yalikuwa mazima, CD ilikuwa kahawia.

Kisha zikaja kamera za HD, na vijana waliokuwa wanafanya kazi Songea na Dar es Salaam wakaanza kurudi nyumbani kuoa na kutaka mkanda wao uwe HD. CD zenyewe za HD hatukuwahi kuziona huku. Tulichofanya, na nadhani wengi walifanya hivyo, ni kuchukua CD tupu ya kawaida na kuichoma picha za HD. Inabeba kipande kifupi tu, na inacheza kwenye deki ya HD peke yake. Ukiitia kwenye deki ya kawaida inakuandikia kwamba hakuna CD. Mteja mmoja alinirudishia ya kwake akasema nimempa kioo cha kujitazamia. Basi tukaanza kuziweka kwenye makasha ya bluu na kumwambia kila mtu: hii ni ya deki ya HD, mama, usije ukanilaumu.

Hapo ndipo ziwa lilipoanza kutusumbua.

Watu wa ziwani, wa Ngumbo na vijiji vya pwani ile ya Nyasa, ni waungwana kupita kiasi. Mtu wa mjini CD ikiganda anakuja nayo dukani amekunja sura. Mtu wa ziwani harudi. Ni mbali, barabara ilikuwa mbaya, na tena anaona haya kumsumbua fundi. Utakutana naye mwaka mwingine sokoni, umuulize mkanda unaendeleaje, atakujibu, "Unacheza vizuri tu, fundi, ila ukifika ziwani unapumzika." Nimelisikia neno hilo kwa watu wengi. Mkanda unapumzika. Mimi nilisema ni mafuta ya samaki aina ya mbasa vidoleni, nikasema ni moshi wa kukausha samaki, nikasema ni chumvi, mpaka Mzee Shomari akanikumbusha kwamba Ziwa Nyasa halina chumvi.

"Hebu usiseme sana," akaniambia. "Zote zinapumzika wapi?"

Tulizikusanya tulizozipata, tukazicheza moja baada ya nyingine kwenye deki zote tulizokuwa nazo dukani. Kanisani zilipita. Maharusi wakisimama mbele ya ukuta wa shule, zilipita. Maharusi wakishuka ufukweni na ziwa likijaa kwenye picha, hapo zinasimama. Ilituchukua muda kuelewa. Ukuta haubadiliki, deki ikishausoma mara moja inapumua. Maji yanayometameta kwa jua la saa kumi yanabadilika kila tone, na yote yameandikwa, na deki inatakiwa iyasome yote kwa wakati uleule. Jicho dhaifu linaelemewa, linasimama na picha iliyopo. Wala hakukuwa na samaki aliyehusika.

Dawa yake ni kupunguza uzito wa picha sehemu zenye maji wakati wa kuandaa, kisha kuchoma polepole kuliko kawaida. Ningeweza pia kuwapanga maharusi mbele ya miti, lakini jaribuni ninyi. Bibi harusi wa ziwani asipoonekana na ziwa nyuma yake, shangazi zake watasema harusi ilifanyika Songea. Na tangu siku ile Mzee Shomari alianza utaratibu mmoja. Alichukua deki ya HD iliyokuwa dhaifu kuliko zote dukani, ile iliyoelemewa na ziwa kabla ya nyingine, akaipa jina la Bibi. Kila mkanda kabla haujatoka ulipita kwa Bibi. "Bibi akiisoma," alikuwa akisema, "kuna deki gani itashindwa?" Fundi mwingine angeitupa deki ile. Yeye aliifunika kitambaa chake cheupe.

Mzee Shomari aliugua muda mfupi akafariki. Alizikwa siku ileile kama ilivyo kwa Waislamu, mimi nikiwa Kitai kwenye ubarikio wa watoto wa watu, na kamera yangu begani. Niliporudi walikuwa wanatoka makaburini. Nimepiga mikanda ya mazishi mingi, nimewapiga waliolia na waliojifanya kulia, lakini sina hata sekunde moja ya Mzee Shomari. Hakutaka kupigwa. Ukimwelekezea kamera alikuwa anainuka kwenda kutafuta bisibisi. Watoto wake wako mbali, waliniachia duka na vyote vilivyokuwemo. Nilikuwa nikifika asubuhi, kabla sijafungua dirisha, namwasha Bibi nasikiliza jicho lake likipapasa. Ndicho nilichobaki nacho. Siandiki hivi ili mnionee huruma, naandika kwa sababu kinachofuata hakieleweki bila hilo.

Miaka ikaenda. Ninyi mkaja na simu zenu, mikanda ikawa inatumwa kabla keki haijakatwa, na mimi nikabaki na watu wachache wenye deki. Nilikuwa nimeshaanza kufungasha duka siku aliyoingia Mwalimu Veronika. Anafundisha huku milimani lakini kwao ni Ngumbo, na harusi yake niliipiga mimi, ufukweni, kabla hatujajua habari za maji. Mume wake alitaka HD, na alimzawadia mama mkwe deki ya HD na runinga ili aweze kuuona mkanda. Veronika aliitoa CD ndani ya kitambaa cha kichwani, kwenye kasha lake la bluu.

"Shikamoo fundi. Hii bado inatengenezeka?"

"Marahaba, mwalimu. Inaganda wapi?"

"Palepale. Kwa Bosko."

Bosko alikuwa mdogo wake. Nilimkumbuka, kijana mrefu aliyebeba kila kitu siku ya harusi ile. Pikipiki ilimshinda kwenye kona za kuteremkia Mbamba Bay, na alikuwa ameshazikwa siku nyingi. Picha za kawaida wanazo, alisema Veronika, lakini pa kumwona akitembea ni humu tu, mara moja tu. Anapita nyuma ya maharusi na kreti ya soda begani, anageuka kuelekea kamera, anafungua mdomo aseme kitu, na hapo mkanda unasimama. Unakaa hivyohivyo, kimya, mpaka ubonyeze rimoti, ndipo unaruka kwenye keki.

"Hatujawahi kujua alisema nini," Veronika aliniambia. "Mwezi ujao tunamfanyia misa ya kumbukumbu. Nataka mama amsikie, fundi. Mara moja tu amsikie."

Picha za mwanzo sikuwa nazo. Kadi za kamera zilikuwa chache zamani zile, mkanda ukishatoka kadi inafutwa iende harusi nyingine, hivyo ndivyo tulivyofanya kazi wote. Kilichobaki ni CD ile tu. Niliisafisha kwa maji na sabuni kidogo, nikaikausha, nikaitia kwenye kompyuta. Ilikataa. Nikaitia kwenye nyingine, ikasoma nusu. Nawaambieni, msikate tamaa mapema na CD. Kila kompyuta ina jicho lake, na lile linaloshindwa leo asubuhi mashine ikiwa baridi linaweza kusoma mchana ikiwa na joto. Niliihamisha huku na huku, kipande kwa kipande, nikaviunganisha, nikapunguza uzito wa maji, nikachoma CD mpya kwa mwendo wa polepole kuliko yote ya kompyuta. Nikampa Bibi. Bibi akaisoma mwanzo mpaka mwisho bila kusita.

Kwa hiyo nilimsikia Bosko kabla ya mama yake, na jambo hilo halikunifurahisha. Veronika aliponipigia kuuliza amesema nini, nilikataa kumwambia. Nilimwambia nitateremka nayo mwenyewe.

Tulishuka pamoja na basi la ziwani siku moja kabla ya misa. Nyumba yao iko juu kidogo ya ufuko, mbele yake vichanja vya kuanikia usipa. Mama Vero, ndivyo wanavyomwita, alikuwa anageuza samaki kwa ufagio mdogo. Ni mama mwembamba, mkononi ana rozari aliyoivaa kama bangili. Tulisalimiana, akaniuliza habari za Mbinga, habari za mvua, habari za kahawa, kila kitu isipokuwa tulichokileta. Deki ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alikitoa mwenyewe, akakikunja, akaketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha.

Kanisa likapita. Vigelegele vikapita. Maharusi wakashuka ufukweni, na ziwa likajaa runinga yote likimetameta. Veronika alikuwa amenishika mkono bila kujua. Bosko akatokea upande wa kushoto na kreti begani, shati limemtoka suruali. Akageuka. Akafungua mdomo.

"Jamani, funguo za stoo anazo nani?"

Akacheka na mtu ambaye hakuonekana, akapita. Ikaja keki.

Veronika alikuwa analia. Mama yake hakulia. Alikuwa anaitazama keki ile na watu wanaolishana.

"Rudisha," akasema.

Veronika akarudisha. Bosko akaja, akauliza, akacheka, akapita.

"Rudisha tena."

Mara hii alisogea mbele kwenye mkeka. Bosko alipopita, mama aliinua mkono kidogo kuelekea kwenye runinga, kama mtu anayetaka kumshika mtoto shati, akaurudisha pajani.

"Hapa huwa anasimama," akasema.

"Ndiyo mama, ilikuwa inaganda," Veronika akamjibu. "Fundi ameitengeneza."

"Naona. Sasa anapita."

Ninyi mnaojua harusi za huku mnajua kwamba mama wa bibi harusi ndiye anayeshika funguo za stoo. Mchele, sukari, mafuta, vyote viko chini yake, na hakuna wa kuingia bila kumwomba. Mama Vero alivuta pindo la khanga yake akaanza kulikunja na kulikunjua.

"Funguo nilikuwa nazo mimi," akasema. "Nilizifunga hapa. Alikuwa ananitafuta mimi."

Kisha akatueleza, akiongea nami zaidi kuliko na binti yake. Kila Jumapili akitoka kanisani anawasha deki. Mwanawe anakuja, anasimama, anamtazama, mdomo wazi. Naye anamweleza ya wiki nzima: nani kajifungua, nani kahamia Mbamba Bay, samaki wametoka au hawakutoka. "Nilikuwa namwambia, sema baba, nakusikiliza. Anakaa tu ananingoja nimalize. Akikaa sana, mimi ndiye ninayemruhusu aende." Aliigusa rimoti. "Leo ameondoka mwenyewe, hata sijamsalimia."

Nawaambia ukweli, nilitamani sakafu inimeze palepale. Nimetengeneza CD nyingi maishani, na ile niliitengeneza vizuri kuliko zote. Nilimwambia kwamba naweza kumchomea nyingine, mkanda mzima uende vizuri ila pale kwa Bosko nimsimamishe, asimame muda wowote anaoutaka yeye. Ni kazi rahisi sana hiyo.

Alinitazama kwa upole. "Hapana, mwanangu. Hapo utakuwa umemsimamisha wewe. Kwenye ile yangu alisimama mwenyewe."

Nilijua ni nini kilichomsimamisha. Nilijua mpaka sababu yake, nimewaeleza hapo juu. Nilifungua begi nikamrudishia CD ya zamani kwenye kasha lake la bluu, na habari za maji sikuzitaja. Akaipokea kwa mikono miwili. Kesho yake, baada ya misa, ndugu walijaa sebuleni wakautazama mkanda mpya, wakamsikia Bosko, wakalia na kucheka, na wote wakanishukuru. Mama Vero alikuwa nje anagawa chai.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimeshafunga duka. Vitu vyangu vilikuwa kwenye maboksi nyumbani, na nilikuwa najifunza kuamka asubuhi bila pa kwenda, jambo gumu kuliko mlivyoambiwa. Veronika akapiga simu.

"Fundi, deki ya mama imekufa. Nimemtafutia nyingine, nzima kabisa."

"Sasa tatizo?"

"Inaisoma ile CD yake. Inaisoma vizuri. Bosko anapita. Mama ameifunika kitambaa, hataki kuiwasha. Jumapili ananyamaza siku nzima."

Nilimwambia aniletee deki ile iliyokufa, na CD. Deki ilikuwa imeungua ndani, haikuwa ya kufufuka. Nikafungua maboksi. Nilikuwa na deki za HD kadhaa ambazo wateja waliziacha, mbovu kila moja kwa namna yake, nikazipanga mezani na kuanza kuzijaribu. Moja iliikataa CD kabisa. Moja iliganda mlangoni mwa kanisa, watu hata hawajatoka. Moja ilimpitisha Bosko ikagandia kwenye keki. Miaka yote ile niliketi mbele ya deki nikiomba isigande, na sasa nilikuwa nimeketi naomba igande, tena mahali pamoja tu, na zote zilikuwa zinanishinda. Jirani alipita dirishani akaniuliza kama nimerudi kazini. Nikamwambia nimerudi ila naifanya kinyumenyume.

Deki moja nilikuwa sijaitoa kwenye boksi lake. Nadhani nilijua tangu mwanzo, ndiyo maana niliiacha ya mwisho. Nilikunjua kitambaa cheupe, nikampangusa Bibi vumbi, nikatia CD, nikainamisha sikio. Alivuma, akatulia. Kanisa likapita. Ziwa likaja, nikasikia jicho likienda, likirudi, likipapasa. Nilipoinua kichwa Bosko alikuwa amesimama, kreti begani, mdomo wazi.

Nilikaa na Bibi siku ile yote. Nilimzima, nikamwasha, nikamsikiliza. Nililia, sioni aibu kuwaambia. Kisha nikamfunga na kitambaa chake.

Kwenye basi la ziwani nilimpakata mapajani mpaka mwisho wa safari, kondakta akaniuliza kama nimebeba mayai. Mama Vero aliniona kwa mbali akaacha usipa wake juani. Niliunganisha nyaya, nikamweleza kwamba deki hii ni ya mzee wangu aliyenifundisha kazi, kwamba ni dhaifu, isafishwe kwa kitambaa kikavu tu. Aliniuliza jina la mzee. Nikamwambia. Akalitaja polepole, Shomari, kama mtu anayeongeza jina kwenye maombi yake, akaketi kwenye mkeka.

Nilijua nitasikia jicho kabla ya kuona picha, nikafumba macho nisikilize. Likaenda, likarudi, likapapasa, likasimama. Nilipofumbua, Bosko alikuwa anamtazama mama yake. Mama Vero alikuwa ameshika pindo la khanga, na mle ndani mlikuwa na fundo, na ndani ya fundo nikasikia vyuma vikigusana.

"Ninazo mimi, baba," akamwambia. "Njoo uchukue."